Mtumishi Anajua: Shajara ya Mradi wa Hadithi za Wasiokubali Kuachwa

Januari, juma la kwanza

Orodha imekamilika, mradi umeanza. Ni vipindi vya sauti: hadithi fupi za Kigothi (hadithi za kutisha za jadi ya Ulaya na Marekani) zikisomwa kwa Kiswahili, zote zikiwa na mhusika wa aina moja, yaani mtu ambaye mpenzi wake akifa au akitaka kwenda zake, yeye hakubali. Mizimu ya kawaida na majumba yanayolia usiku tumewaachia wengine. Sisi tunatafuta mapenzi yaliyogeuka kifungo, na ile hofu ya kuachwa inayomfanya mtu mwenye akili zake atende jambo ambalo jirani hathubutu kulisimulia watoto wakiwepo.

Tuko watatu. Mimi natafsiri na kuandika utangulizi. Fundi wa sauti ni kijana wa mtaa wetu hapa Mombasa. Msomaji ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ambaye kila mtu humwita Mwalimu tu, na kusema kweli sauti yake ndiyo iliyonitia hamu ya kuanza.

Suala la hakimiliki limenichukua muda kuliko nilivyotaka. Katika waandishi tuliowachagua, Edgar Allan Poe alikufa 1849 na Villiers de l'Isle-Adam 1889, hao hawana tatizo. Vernon Lee alifariki 1935, naye yuko huru. "A Rose for Emily" ya William Faulkner ilichapishwa mara ya kwanza 1930, na kazi zilizochapishwa Marekani mwaka huo zimekuwa mali ya umma huko tangu tarehe 1 Januari 2026. Kwa sheria ya Kenya, inayohesabu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, Faulkner aliyekufa 1962 alikwisha kumaliza zamani. Elizabeth Bowen ndiye ananipa taabu. Alifariki 1973, hivyo hapa Kenya amemaliza, lakini Uingereza kwenyewe huhesabu miaka 70, na jamaa zetu wengi watakaosikiliza wako London. "The Demon Lover" tutaizungumzia tu, hatutaisoma.

Januari, katikati: "Berenice"

Tumeanza na hii kwa sababu ni fupi na ni chafu. Ilitoka Machi 1835 katika jarida la Southern Literary Messenger la Richmond, Virginia, na wasomaji wakalalamika. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo Poe alimwandikia mwenye jarida, Thomas White, akakubali kwamba mada yenyewe inatisha kupita kiasi. Miaka 10 baadaye, alipoichapisha tena, aliondoa aya kadhaa ambamo msimulizi anakwenda kumtazama maiti kitandani. Tumetumia ile iliyokatwa. Kilichobaki kinatosha.

Egaeus ni kijana aliyezaliwa ndani ya maktaba ya jumba la kwao, na mama yake alifia humohumo. Ana ugonjwa wa kukazia macho kitu kimoja: pambizo ya kitabu, kivuli ukutani, mwanga wa taa usiku kucha. Binamu yake, Berenice, alikuwa mchangamfu hadi maradhi yalipomwingia. Anakonda, nywele zinabadilika rangi, macho yanafifia. Siku moja anatabasamu, na Egaeus anaona meno. Kuanzia hapo hawazi kitu kingine.

Fundi alinyanyua mkono katikati ya mazoezi. "Kaka, lakini huyu mbona asema mwenyewe hakumpenda? Tumeahidi mapenzi."

Ni kweli, Egaeus anakiri kwamba Berenice alipokuwa mzima hakumpenda. Naona hapo ndipo hadithi ilipo. Anaanza kumtaka anapoanza kutoweka. Kila kitu cha mwanamke yule kinaondoka kidogo kidogo, isipokuwa meno, kwa hiyo moyo wake unahamia kwenye sehemu isiyooza. Berenice anazikwa machweo. Usiku wa manane Egaeus yuko maktaba, hakumbuki saa zilizopita, na mezani kuna kisanduku cha daktari wa familia. Kinamponyoka, kinavunjika, na vinatawanyika vyombo vya kung'olea meno pamoja na vipande 32 vidogo vyeupe. Idadi hiyo Poe ameitaja waziwazi. Mtu huyu hajui alikuwa wapi saa nzima, lakini hesabu anayo.

Mwalimu aliisoma mara ya kwanza kwa sauti ya kutetemeka, ikawa kama mchezo wa redio wa zamani. Nikamwomba aisome kavu, kama muuza duka anayehesabu mali mwisho wa mwezi. Fundi alivua vifaa vya masikioni na kusema hiyo ndiyo. Basi kanuni ya mradi ni hiyo: palipo na hofu, sauti ishuke, na vitu vitajwe kimoja kimoja. Watu hawa hawasemi "naogopa kuachwa" hata mara moja. Wanapanga vitu.

Jambo la pili limejitokeza tulipokuwa tunasikiliza rekodi. Anayemweleza Egaeus alichokifanya ni mtumishi. Anaingia kwa kunyatia, uso umemsawijika, anasema kwa sauti ya chini kwamba kaburi limefukuliwa na aliyekuwemo bado anapumua. Kisha anamwonyesha bwana wake tope na damu nguoni, anamshika mkono penye alama za kucha, anamwelekeza macho kwenye sepetu iliyoegemezwa ukutani. Mtumishi huyo hana jina wala sura, ana mistari michache tu, lakini yeye ndiye mwenye habari. Nimeandika pembeni ya ukurasa: *angalia watumishi katika zote.*

Mwisho wa Januari: "Ligeia"

Hii ilitoka Septemba 1838 katika jarida la American Museum la Baltimore. Miaka 8 baadaye Poe alimwandikia rafiki yake Philip Cooke kwamba huenda ndiyo hadithi yake bora. Mimi naona ina maneno mengi mno, na Mwalimu amenisuta kwa kusema hivyo.

Msimulizi alimpenda Ligeia hata hakumbuki walikutana wapi, isipokuwa ulikuwa mji mkuukuu uliokuwa ukichakaa karibu na mto Rhine. Jina la ukoo wa mkewe halijui. Fikiria: anaweza kujaza kurasa kwa macho yake, lakini hajui baba yake ni nani. Ligeia anakufa. Mjane huyu ananunua nyumba ya watawa iliyochakaa Uingereza na kuoa mke wa pili, Rowena, mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Chumba cha arusi kina pembe tano, na katika kila pembe amesimamisha jeneza la mawe meusi kutoka makaburi ya Luxor. Mapazia yana picha za kutisha, na nyuma yake amepitisha upepo wa makusudi ili picha zicheze.

Rowena hakuwa na nafasi. Aliingizwa katika kaburi lililokwisha kutandikwa. Anaugua, na usiku mmoja msimulizi, aliyevuta afyuni, anaona matone mekundu kama yakidondoka ndani ya kikombe chake kutoka hewani. Anakufa, anafufuka, anakufa tena usiku kucha, na alfajiri anayesimama ana nywele nyeusi na macho ya Ligeia.

Ni nani aliyemtia matone yale? Msimulizi anasema hakuna mkono. Hapa kuna watumishi pia, lakini hadithi imewaweka mbali. Rowena anapozimia, bwana anasema watumishi hawako karibu wala hawezi kuwaita bila kuondoka chumbani. Shahidi hakuna. Katika "Berenice" mtumishi anaingia na ukweli unaingia naye. Huku mlango umefungwa, na tumebaki na neno la mlevi wa afyuni peke yake. Nimeuweka utangulizi wa kipindi juu ya jambo hili badala ya kueleza mandhari ya Rhine.

Februari: maisha ya Poe, na wapi pa kuyaweka

Nilipokuwa natayarisha dondoo za mwandishi nilikuta kila mahali ile habari kwamba Poe aliandika wanawake wanaokufa kwa sababu mkewe Virginia alikufa kwa kifua kikuu. Tarehe zinakataa. Virginia alitapika damu mara ya kwanza Januari 1842, akiwa anaimba, na alifariki tarehe 30 Januari 1847. "Berenice" na "Morella" ni za 1835, kabla hata ya ndoa yao ya 1836. "Ligeia" ni ya 1838. Hadithi zilitangulia msiba.

Kama lazima tutafute chanzo nyumbani kwake, basi turudi nyuma. Alizaliwa Boston Januari 1809. Baba yake aliitelekeza familia. Mama yake, Eliza, mwigizaji wa jukwaani, alikufa Richmond Desemba 1811, mtoto hajatimiza miaka 3. Alilelewa na John Allan na mkewe Frances, naye Frances akafa 1829. Hata hivyo sitaki kipindi kigeuke matanga ya Poe. Kuna waliofiwa kuliko yeye na hawakuandika juu ya meno. Dakika moja ya maisha yake inatosha, halafu twende kwenye maandishi.

Februari, juma la mwisho: "Véra"

Hii ndiyo iliyotukamata sote. Villiers aliichapisha 1874, kisha akaiingiza katika mkusanyiko wake wa 1883.

Bwana d'Athol, kijana wa Kifaransa wa ukoo mkubwa, amefiwa na mkewe Véra. Baada ya mazishi anabaki kaburini saa kadhaa, anafunga mlango wa kaburi kwa ufunguo wa fedha, kisha anautupa ufunguo ndani kupitia tundu la juu. Anarudi kwenye jumba lake katika mtaa wa Faubourg Saint-Germain, Paris. Chumbani kila kitu kiko kama mke alivyokiacha. Saa ya ukutani amekwisha kuvunja springi yake ili isilie tena. Anamwita mtumishi mzee, Raymond, na kumwambia kwa utulivu kwamba yeye na bibi wamechoka leo, chakula cha usiku kiletwe saa nne. Watumishi wengine walipwe mshahara wa miaka 3 na waondoke.

Mwalimu alisitisha kusoma hapo. "Mwanangu, eda ina siku zake. Miezi minne na siku kumi, halafu mtu atoka. Huyu nani alimwekea siku?"

Sina la kuongeza. Ni kweli eda inamhusu mwanamke, na d'Athol ni mwanamume na ni Mkristo wa Paris, lakini Mwalimu ameishika hadithi kwenye mfupa. Msiba wa d'Athol hauna tarehe ya kumalizika kwa sababu ameukataa kuuanza. Saa imevunjwa, ufunguo umetupwa, na kuanzia usiku ule meza inaandaliwa watu wawili.

Anayeiandaa ni Raymond. Villiers amempa mzee huyu nafasi ambayo wengi wangeiruka. Mwanzo anashtuka, kisha huruma inamshinda, anaamua kufuata ili asimuue bwana wake kwa kumwamsha ghafla. Anajibu maswali juu ya bibi. Anajifunza kuinama kwenye kiti kitupu. Siku zinapita na yeye mwenyewe inambidi ajikumbushe kwamba bibi amekufa. Nilipofika hapo niliiacha tafsiri kwa muda. Hadithi hii husifiwa kuwa ni ya mapenzi yaliyoshinda mauti, lakini mapenzi yenyewe hayapiki. Kuna mtu anayekwenda sokoni kununua chakula cha marehemu, anayekipakua, anayekirudisha jikoni hakijaguswa. D'Athol anaota, na gharama ya ndoto inalipwa kwa akili ya mzee mmoja asiyeulizwa.

Mwaka unatimia na Véra anatokea kweli. Wanashikana. Kisha d'Athol, kwa sekunde moja, anakumbuka kuwa amekufa na analisema. Hapo hapo taa inazimika, mwanamke anatoweka, na kutoka kitandani kinaanguka kitu kinacholia sakafuni: ufunguo wa kaburi.

Rekodi imekamilika. Mwalimu amesoma sehemu za Raymond kwa sauti ileile ya d'Athol, hakuzitofautisha, kwa sababu kadiri hadithi inavyokwenda ndivyo wanavyokuwa mtu mmoja. Wazo hilo ni lake.

Machi, mwanzo

Tuliwapa jirani wachache wasikilize "Ligeia" na "Véra" kabla ya kutoa. Wengi walisema jambo lilelile: si huyu ni jini mahaba? Swali la haki. Pwani hii kila mtu amesikia habari za jini aliyempenda mtu, akamzuia kuolewa, akamharibia kila posa. Kupenda kupita kiasi na kutokubali kuachwa si mambo mageni hapa.

Lakini jini mahaba yuko nje ya mtu. Anaweza kutolewa, anaweza kuombewa, na aliyepagawa ana ndugu zake wanaomhangaikia. D'Athol amewafukuza wote isipokuwa mmoja, na hakuna wa kutolewa maana aliyeng'ang'ania ni yeye mwenyewe. Nimeandika haya katika utangulizi kwa ufupi, wala sikutaka kulinganisha zaidi. Mtu akisikiliza "Véra" akidhani ni jini, ataelewa nusu, na nusu nyingine itamfikia baadaye jikoni.

Machi, katikati: "Amour Dure"

Vernon Lee ni jina la kalamu la Violet Paget, mwanamke Mwingereza aliyeishi zaidi Italia. Hadithi ilitoka jaridani 1887 na kuingia kitabuni 1890. Imeandikwa kama shajara, jambo linalonifurahisha kwa kuwa nami nimo humu.

Mwanahistoria kijana wa Kipolandi, Spiridion Trepka, anafika mji wa Urbania mwaka 1885 kutafuta nyaraka. Anamkuta nyarakani Medea da Carpi, aliyenyongwa Desemba 1582 baada ya wanaume kadhaa kuangamia kwa ajili yake. Kwanza anadharau vitabu vilivyomwita shetani. Kisha anaona picha yake. Kisha anapata barua zake. Mwisho anaanza kumwona mwenyewe. Shajara inakatika usiku wa mkesha wa Krismasi, na chini yake mtu ameandika kwamba mwenye shajara alikutwa asubuhi amekufa kwa kuchomwa kisu.

Nimeikata sana. Kurasa za vita vya watawala wa Italia zinapendeza machoni, masikioni zinapotea. Trepka hana mtumishi wa kumzuia. Ana kalamu tu, na ndiyo maana anakufa upesi. Fundi anasema huyu ndiye mhusika pekee anayemwonea huruma, kwa sababu hakumdhuru mtu mwingine. Nami nakubali, ingawa kuna kazi ya watu aliyoiharibu: alichukua shoka akapasua sanamu ya shaba ya mtawala aliyemuua Medea.

Machi, mwisho: neno kuhusu Bowen

Kipindi hiki ni cha mazungumzo tu. "The Demon Lover" imo katika mkusanyiko wa 1945 na inafanyika London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bi. Drover, mwenye umri wa miaka 44, anarudi kwenye nyumba yake iliyofungwa kuchukua vitu. Mezani anakuta barua isiyo na stempu. Imetoka kwa mchumba wake wa Agosti 1916, aliyepotea vitani, na inasema leo ndiyo siku waliyoahidiana.

Bowen amegeuza kibao. Anayekataa kuachwa hatumwoni, tunamwona anayedaiwa. Kuna kitu kimoja kidogo tulichokikalia muda mrefu: usiku wa kuagana, mchumba yule aliubana mkono wa msichana kifuani pake, juu ya kifungo cha sare yake ya jeshi, hata kikamwachia alama ya kuuma kiganjani. Hakumwambia neno tamu hata moja. Alama hiyo ndiyo barua ya kwanza. Na mlinzi wa nyumba? Hayupo. Anaangalia nyumba kadhaa, na wiki hiyo yuko likizo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema barua iliingiaje.

Nilimwambia Mwalimu kuhusu watumishi, na kwamba huyu ni mwingine asiyekuwepo au asiyesema. Akacheka. "Nyumba kubwa zote ndivyo. Aulizwe mpishi."

Aprili: "A Rose for Emily"

Kazi kubwa kuliko zote. Ilitoka katika jarida la Forum tarehe 30 Aprili 1930, na ilikuwa hadithi fupi ya kwanza ya Faulkner kuchapwa katika jarida la taifa zima. Tunataka kuitoa tarehe hiyohiyo.

Bi. Emily Grierson wa mji wa Jefferson, Mississippi, amekufa akiwa na miaka 74, na mji mzima unakwenda mazikoni, wanawake hasa kwa hamu ya kuona ndani ya nyumba. Tunarudishwa nyuma na mbele. Baba yake alifukuza kila mchumba. Wenyeji wanawakumbuka kama picha: binti mwembamba kwa nyuma amevaa nyeupe, baba mbele amempa mgongo, ameshika mjeledi wa farasi. Baba alipokufa, Emily alikaa siku 3 akiwaambia wanaokuja kutoa pole kwamba hajafa. Kisha akaja Homer Barron, msimamizi wa wajenzi wa barabara kutoka Kaskazini, ambaye mwenyewe alisema si mtu wa kuoa. Emily akanunua sumu ya arseniki. Akaagiza seti ya fedha ya vyombo vya kujipambia mwanamume, yenye herufi H.B. Akanunua nguo kamili za kiume pamoja na za kulalia. Homer akaonekana akiingia kwa mlango wa jikoni jioni moja, na hakuonekana tena.

Kanuni yetu ya kusoma vitu kavu imefanya kazi hapa kuliko popote. Seti ya fedha, nguo, sumu yenye maandishi kwamba ni ya panya. Vikisomwa kwa mfuatano, bila kupaaza sauti, msikilizaji anatangulia hadithi na kuanza kuogopa mwenyewe.

Ugumu uko kwenye msimulizi. Si mtu mmoja, ni "sisi", mji mzima. Wanasema "maskini Emily" nyuma ya mapazia, wanamhukumu, wanamhurumia, wanamwonea fahari. Harufu ilipotoka nyumbani kwake hawakumwuliza. Wanaume 4 walikwenda baada ya saa sita za usiku, wakamwaga chokaa ndani ya chumba cha chini na katika mabanda ya nje, wakaondoka kwa kunyatia huku yeye amekaa dirishani akiwatazama. Mji ulijua, au ulitosha kujua, na ukanyamaza kwa adabu. Kwa sauti moja haya hayatoki. Tumeamua Mwalimu aongoze na jirani watatu wamsaidie, kila mmoja akidaka sentensi, kama umbea unavyopokezanwa barazani. Mazoezi ya kwanza yalikuwa mabaya kwa sababu wote walitaka kuigiza. Ya pili walichoka, wakaanza kuzungumza kawaida, na fundi akarekodi bila kuwaambia.

Halafu kuna Tobe, mtumishi Mweusi wa Emily, mpishi na mtunza bustani kwa pamoja. Mji unaosimulia haumpi neno hata moja, na jina lake linatajwa kwa sababu tu Emily alimwita awatoe nje watu waliokuja kumdai kodi ya mji. Wanamwona akienda sokoni na kikapu, nywele zikizidi kuwa mvi. Wanasema alikuwa hazungumzi na yeyote, na pengine hata na bibi yake, kwani sauti yake ilikuwa imekwaruza kama kitu kilichopata kutu kwa kukaa bila kutumiwa. Mississippi ya wakati ule, mtu Mweusi angekwenda kumshtaki kwa nani mwanamke wa ukoo wa Grierson? Kimya chake si siri ya hadithi tu, ni sheria ya mahali.

Chumba cha juu kilifungwa kwa miaka 40. Nani aliyepita mbele ya mlango ule kila siku? Nani aliyepika kwa miaka yote hiyo, chini ya chumba hicho? Hadithi humaliziwa na unywele mrefu wa mvi kwenye mto wa pili, karibu na kilichobaki cha Homer, na wasomaji wote hukumbuka unywele. Mimi nimeanza kukumbuka sentensi nyingine, ya mwanzo wa sehemu ya mwisho: Tobe anawafungulia wanawake mlango wa mbele, anawaingiza, anapita moja kwa moja ndani ya nyumba, anatokea mlango wa nyuma, na haonekani tena. Homer alitaka kuondoka, akashindwa. Emily hakuwahi. Katika nyumba ile, aliyetoka kwa miguu yake ni Tobe peke yake, na hakungoja wamwulize lolote.

Nimemwomba Mwalimu asome sentensi hiyo peke yake, wale watatu wanyamaze. Amekubali bila kujadili, si kawaida yake.

Aprili, juma la tatu: mpangilio

Tumebishana juu ya kipindi cha mwisho. Mwalimu anataka "Eleonora", hadithi nyingine ya Poe, ya 1841. Kijana anamwahidi binamu yake anayekufa kwamba hataoa kamwe, na anajiapiza laana akivunja ahadi. Anahamia mjini, anampenda Ermengarde, anamwoa. Usiku mmoja sauti ya marehemu inamjia dirishani na kumwambia amesamehewa, alale kwa amani. Mwalimu anasema baada ya meno na arseniki watu wanastahili kupewa ruhusa ya kulala. Mimi naona utamu wake unavuruga yote yaliyotangulia. Mtu anayeng'ang'ania haachiliwi na sauti ya dirishani, na ndiyo sababu kina d'Athol wanavunja saa.

Fundi amependekeza tuitoe kama nyongeza, nje ya mfululizo. Mwalimu amechukua kurasa akaondoka nazo bila kusema ndiyo wala la.

Mpangilio uliobaki: "Berenice", "Ligeia", "Véra", "Amour Dure", mazungumzo ya Bowen, kisha Emily. Nina kazi ya kukamilisha tafsiri ya tukio la duka la dawa, pale mwuzaji anapotaka kujua sumu ni ya nini, kama sheria inavyomtaka aulize, na Emily anamtazama tu mpaka anakwenda kuifunga. Rekodi kamili ni Jumamosi baada ya alasiri. Jirani wa tatu amesema atakuja na watoto, wako kimya mno, hawatasumbua. Fundi amekataa watoto.